Alama Moja ya Kuuliza

Usiku wa kumi na tisa wa Ramadhani, katika nyumba moja ya Ng'ambo mjini Unguja, baada ya tarawehe na kabla ya daku, msichana mmoja alipoteza kazi ya usiku kumi na minane kwa mstari mmoja wa maandishi. Hakukusudia. Alikuwa akitunga programu ya hesabu za duka la mjomba wake, na alitaka tu kutazama namna kazi ile ilivyokuwa kabla ya mfungo kuandama. Mahali fulani alikuwa amesoma kwamba Git, chombo ambacho waandishi wengi wa programu duniani hukitumia kuhifadhi kila hatua ya kazi yao, kina amri ya kurudi nyuma. Akaiandika amri ile kama alivyoiona. Chombo kikamjibu kwa mstari mmoja, bila ya kupandisha wala kushusha sauti, kwamba kichwa sasa kipo mahali fulani. Na yote yaliyoandikwa baada ya mahali hapo yakaondoka mbele ya macho yake.

Hakulia. Aliifunga kompyuta, akala daku na wenziwe, na usiku uliofuata akaanza upya. Mpaka mkesha wa Idi alikuwa amekwisha kuirudia nusu ya kazi, nayo ilikuwa mbaya kuliko ya mwanzo, kwani kitu kilichoandikwa mara ya pili kwa hasira hakina subira ya kile cha mara ya kwanza. Kila mtunzi aliyewahi kupoteza daftari analijua hilo.

Mtu aliyefunzwa ufundi na mwalimu, akikosea humgeukia mwalimu. Aliyejifunza peke yake hana wa kumgeukia ila chombo chenyewe. Kwa hivyo namna chombo kinavyosema, na namna kinavyonyamaza, kwake yeye si jambo la mapambo. Ndiyo skuli yake. Msichana huyo alikuwa na kompyuta kuukuu, bando la intaneti lililokwisha tangu adhuhuri, na ule mstari mmoja.

Ajabu ya mambo haya ni kwamba vyombo vya waandishi wa programu hutengenezwa na waandishi wa programu wenyewe. Mtu angedhani kwamba hapana chombo duniani ambacho kingekuwa chepesi zaidi mkononi. Daktari hajitengenezei mashine yake ya picha. Rubani hajitengenezei ndege. Lakini fundi huyu hukata mti, akafua chuma na akachonga mpini kwa mikono yake mwenyewe. Na pengine hapo ndipo ubaya ulipoingia. Fundi wa mashua hununua bapa la tezo kwa mhunzi, lakini mpini aghalabu huuchonga mwenyewe, kwa urefu wa mkono wake na kwa desturi ya bega lake. Mpeni tezo hilo mtu mwengine, atatoka malengelenge kabla ya alasiri. Mwenyewe atamtazama kwa mshangao na kusema: mbona mimi halinidhuru?

Mwaka 1969, katika maabara za Bell zilizoko Murray Hill, New Jersey, Ken Thompson alitunga kihariri cha maandishi kilichoitwa ed. Mtu akikosea amri ndani ya ed, kihariri humjibu kwa alama moja ya kuuliza. Basi. Hakisemi kosa ni lipi, wala liko wapi, wala lirekebishwe vipi. Baadaye iliongezwa herufi moja ambayo mtu akiiandika ataelezwa kosa la mwisho lilikuwa nini. Lakini anayeijua herufi hiyo ni yule aliyekwisha kufundishwa, na aliyekwisha kufundishwa ndiye asiyeihitaji sana.

Msomaji asiharakishe kulaumu. Wakati ule hapakuwa na skrini mbele ya kila fundi. Palikuwa na teletaipu, mashine ya kuchapa iliyounganishwa na kompyuta, yenye kelele kama cherehani iliyokosa mafuta, iliyochapa herufi kumi kwa sekunde juu ya karatasi. Vitufe vyake vilikuwa vizito, na kila herufi iligharimu nguvu ya kidole na muda wa kusubiri. Sentensi ya herufi 60 ilimaanisha sekunde sita za kungoja ili kuambiwa jambo ambalo fundi mwenyewe alikwisha kulitambua mara tu alipolikosea. Ndiyo maana amri za Unix, mfumo uliozaliwa katika chumba hicho hicho, zina herufi mbili mbili: ls, cp, mv, rm. Amri moja ya ndani, ya kuunda faili, iliitwa creat, neno la Kiingereza lililokatwa herufi yake ya mwisho. Thompson alipoulizwa baadaye angebadilisha nini lau angeutunga mfumo ule upya, alijibu kwamba angeirudisha ile herufi. Ni mzaha wa fundi mkubwa. Lakini herufi haikurudi, na hadi leo anayeanza kujifunza anapoandika neno lile kwa tahajia ya skuli, huambiwa kwamba kitu hicho hakijulikani.

Hivi ndivyo dharura ya siku moja inavyogeuka kuwa desturi. Teletaipu zimekwenda katika makumbusho. Alama ya kuuliza imebaki.

Kisa cha make kinauma zaidi, kwa sababu mwenyewe alijua. Stuart Feldman alikitunga chombo hicho katika maabara zile zile mwaka 1976, na kazi yake ni kuunganisha vipande vya programu kwa mpangilio unaofaa. Katika faili lake la maagizo, mistari fulani ni lazima ianze kwa kitufe cha Tab. Nafasi za kawaida hazikubaliwi, hata zikiwa nane, hata jicho lisipoweza kuzitofautisha na Tab yenyewe. Anayekosea huambiwa kwamba kitenganishi kimekosekana, naye hutazama mstari wake saa nzima asione kilichokosekana, kwani kosa lenyewe halionekani. Feldman alieleza baadaye kwamba wiki chache tu baada ya kukitoa chombo alitambua kuwa shuruti ile ni mbaya. Lakini wakati huo alikuwa tayari na watumiaji kama kumi na wawili, wengi wao rafiki zake, na hakutaka kuwavurugia kazi. Kwa ajili ya starehe ya watu dazeni moja, mamilioni wamekuja kuhangaika. Mwaka 2003 jumuiya ya wanakompyuta ya Marekani, ACM, ilimpa Feldman tuzo kwa sababu ya make, na aliistahiki, kwani chombo kile kimejenga sehemu kubwa ya programu za ulimwengu. Mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja. (Mwenye lugha hii hawezi kujizuia kuona kwamba neno Tab, likitiwa irabu ya mwisho kama tufanyavyo kwa maneno ya wageni, hupata maana yake ya haki.)

Hayo ni ya mafundi waliokuwa wakitengenezeana wao kwa wao. Lakini yako mambo ambayo mfasiri huyaona upesi kuliko fundi, nayo ni yale yanayohusu maneno yenyewe. Kwa miaka mingi mtu aliyetumia mifumo ya jamii ya Unix aliweza kupata jibu lenye maana ya kwamba kitu fulani si taipureta. Alikuwa labda akijaribu kupeleka barua. Hakutaja taipureta, wala hakuwa nayo nyumbani. Asili yake ni kwamba ndani ya mfumo programu fulani iliuliza swali ambalo huulizwa teletaipu, ikaliuliza kwa kitu kisichokuwa teletaipu, kisha jibu la kukataa likapanda ngazi kwa ngazi bila ya mtu kulizuia, hadi likamfikia mwandishi wa barua maskini. Mpe mfasiri maneno hayo ayatie katika Kiswahili, ataanza kwa kuuliza: nini hicho kisichokuwa taipureta? Lugha yetu haimruhusu kunyamaza. Kiingereza husema kwamba hakuna kupatikana, kikapita. Kiswahili hudai kujua kilichopotea ni cha ngeli gani: ni faili lisilopatikana, ukurasa usiopatikana, kitufe kisichopatikana, au mtu asiyepatikana? Mfasiri humrudia mtunzi wa programu kumwuliza, na mara nyingi mtunzi mwenyewe huwa hajui, kwa kuwa sentensi ile aliiandika mara moja tu, usiku, akiwa na hakika kwamba hapana atakayeisoma.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyosemeshwa Kiswahili, na watu walibishana kwa furaha juu ya maneno, kama wanavyobishana hadi leo baina ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Ulikuwa ubishi mzuri. Lakini ulihusu meza ya karani, haukufika karakana ya fundi. Huko karakana kwenyewe dhana iliyotanda ni kwamba fundi ni mtu anayejua Kiingereza na ambaye yuko intanetini kutwa kucha, na asiyekuwa hivyo basi hakukusudiwa.

Dhana hiyo ni ya zamani. Grace Hopper, mwanamke aliyetunga kompaila ya awali mwaka 1952 (na kompaila si chochote ila mfasiri, anayegeuza maandishi ya binadamu kuwa amri za mashine), alitaka watu wa biashara waweze kuiandikia kompyuta kwa maneno badala ya alama za hesabu. Akaambiwa haiwezekani, kompyuta haifahamu Kiingereza. Alipokwisha kuitengeneza programu hiyo aliwaonesha wakubwa wa kampuni yake, Remington Rand, mfano mdogo kwa Kiingereza. Kisha, kwa kuwa kwa mashine maneno ni alama tu, akawaonesha mfano ule ule kwa Kifaransa, na tena kwa Kijerumani. Alidhani watafurahi. Wakashtuka. Kompyuta ya heshima iliyoundwa Philadelphia itafahamuje Kifaransa? Kwa simulizi yake mwenyewe ya mwaka 1978, ilimbidi yeye na wenziwe watumie miezi kuwahakikishia kwamba watatumia Kiingereza peke yake. Mlango ule ulikuwa wazi kabisa, ukafungwa kwa sababu ya haya tu.

Mwaka 2012 Ramsey Nasser alitunga lugha ya kuandikia programu kwa maneno ya Kiarabu, akaiita Qalb, yaani moyo. Haikukusudiwa kujengea benki. Ilikuwa kazi ya sanaa, ya kuonesha kile ambacho wengine hawakioni. Lugha yenyewe ilifanya kazi. Vyombo vilivyoizunguka ndivyo vilivyoshindwa: vihariri vilivyokata herufi zinazotakiwa kuungana, na madirisha ya amri yaliyoandika maneno kutoka kushoto. Visiwani, ambako mababu waliandika Kiswahili chao kwa herufi hizo hizo kwa karne kadhaa, habari hiyo haihitaji maelezo marefu.

Kuhusu Git yenyewe, haki isemwe. Linus Torvalds aliianza mwezi wa Aprili 2005, pale ruhusa ya kutumia bure chombo cha awali, BitKeeper, ilipoondolewa, na katika siku chache tu Git iliweza kujihifadhi yenyewe. Ilitengenezwa kwa ajili ya kazi ya Linux, yenye maelfu ya mafaili na watu waliotawanyika duniani, na mwanzoni haikukusudiwa iguswe na mikono ya kila mtu. Watunzi wake waliigawa katika sehemu mbili, wakaziita kwa majina ya msalani: mabomba ya ndani ya ukuta, na masinki yanayoonekana nje. Watu walianza kutumia mabomba kabla ya masinki kufungwa. Amri moja iitwayo checkout ilifanya kazi mbili zisizofanana hata kidogo: kumhamisha fundi kutoka tawi moja kwenda jengine, na kuyatupa mabadiliko ya faili ambayo hayajahifadhiwa. Ni kana kwamba ufunguo wa kufungulia mlango ndio huo huo wa kuwashia moto. Mwaka 2013 Santiago Perez De Rosso na Daniel Jackson wa chuo cha MIT waliandika uchunguzi wenye hoja kwamba tatizo halipo katika majina ya amri tu, lipo katika dhana zilizo chini yake. Mwezi wa Agosti 2019 toleo la 2.23 lilizitenganisha kazi zile katika amri mbili mpya. Ilichukua miaka kumi na minne.

Tena Git inapomtaka mtu aandike maelezo ya kazi yake, mara nyingi humfungulia kihariri cha jamii ya vi, alichokitunga Bill Joy mjini Berkeley mwaka 1976, na humo mgeni hunaswa kama panya katika dema. Mtu mmoja aliuliza hadharani mwaka 2012 namna ya kutoka. Kufikia 2017 swali lake lilikuwa limetazamwa zaidi ya mara milioni moja. Vim, mrithi wa kihariri hicho, huonesha ukurasa wa mwanzo unaoeleza namna ya kutoka, na unaoomba msaada kwa watoto wa Uganda, kwani mtunzi wake, Bram Moolenaar, aliyefariki mwaka 2023, alipata kufanya kazi katika kituo cha watoto cha Kibaale na hakuacha kukitafutia misaada. Ukurasa huo ni wa hisani mara mbili. Bahati mbaya haujitokezi pale kihariri kinapofunguliwa juu ya faili, nayo Git hukifungua juu ya faili. Wanaouhitaji ndio wasiouona.

Kwamba mambo yangeweza kuwa vyengine, si ndoto. Mwaka 2015 Evan Czaplicki, mtunzi wa lugha ya Elm, aliziandika upya jumbe za makosa za kompaila yake. Akaifanya iseme kwa nafsi ya kwanza: nimetafuta jina hili sikuliona, yako majina haya yanayolikaribia. Mwaka uliofuata watunzi wa Rust waliibadilisha kompaila yao wakitaja Elm kuwa ni miongoni mwa vigezo vyao. Python ilikuwa na tabia ya mabano yaliyosahauliwa kufungwa katika mstari mmoja kulaumiwa mstari unaofuata, kama hakimu anayemfunga jirani wa mwizi. Toleo la 3.10, la Oktoba 2021, lilianza kumwonesha mtu bano lenyewe. Na wale wanaosema kwamba mafundi hawasomi jumbe hizo wanajibiwa na utafiti wa mwaka 2017 uliofanywa katika chuo kikuu cha jimbo la North Carolina, ambako macho ya washiriki 56 yalifuatwa kwa mashine walipokuwa wakitengeneza makosa. Walizisoma. Zilichukua kati ya asilimia 13 na 25 ya muda wao wote, na kuzisoma kulikuwa kugumu kama kuisoma programu yenyewe.

Miezi minne baada ya Idi ile, msichana wa Ng'ambo alimsimulia mwenzake mmoja mkasa wake. Mwenzake akacheka kidogo, kisha akaona haya kwa kucheka. Akamwambia kwamba Git huweka daftari la nyayo, linaloandika kila mahali ambapo kichwa kimepita, na kwamba hata kilichoachwa bila ya tawi, maadamu kilikwisha kukabidhiwa ghalani, kwa kawaida hakifagiliwi kabla ya siku 30. Kazi yake ilikuwamo. Usiku ule wa kumi na tisa, na usiku wa ishirini alipoanza upya, na mkesha wa Idi alipokuwa akiandika kwa hasira, kazi ya kwanza ilikuwa imelala salama katika kompyuta hiyo hiyo, mbali kwa amri moja. Chombo kilijua, lakini hakikusema.

Hapo ndipo alipolia.

Programu ya duka ilimalizika, ikaanza kutumika. Wiki ya pili, mjomba alimpigia simu baada ya sala ya adhuhuri.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mashine yako imeniandikia kosa la kumi na nne. Mimi nimefungua duka sasa hivi. Hayo mengine kumi na matatu nimeyafanya lini?"

Alicheka naye, halafu akanyamaza. Jumbe zile alizipa nambari mwenyewe, na maana ya kila nambari alikuwa nayo kichwani, ndiyo maana hakuona haja ya kuiandika. Jioni aliketi akazihesabu: zilikuwa 22. Usiku ule alizibadilisha zote moja moja, na baadhi zilimshinda mpaka alipokwenda dukani kutazama mambo yalivyo, kwa sababu hakuweza kusema kilichokosekana kabla ya kujua ni nini. Ya kumi na nne sasa ilisema kwamba mwenye duka ameandika mauzo ya magunia 40 ya mchele ilhali ghalani yamebaki 14, basi aitazame tena idadi au aingize kwanza mzigo mpya.

Mzee alivaa miwani, akaisoma mara mbili, akaingia ghalani na kuyahesabu magunia kwa kidole. Yalikuwa kumi na matano. Akampigia tena simu, safari hii kubishana.